Swali Badala ya Kauli

Tarehe 27 Machi 1977 ndege mbili za Boeing 747, moja ya shirika la KLM la Uholanzi na nyingine ya Pan Am ya Marekani, ziligongana ardhini katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Uhispania. Watu 583 walifariki. Ukungu ulikuwa mzito, lakini si ukungu uliotoa amri ya kuruka.

Ndege ya KLM iliongozwa na Veldhuyzen van Zanten, mkuu wa mafunzo ya marubani wa 747 katika shirika lake. Rubani msaidizi alikuwa amepimwa ujuzi na mkuu huyo huyo muda si mrefu nyuma. Mkuu alipotaka kuondoka, msaidizi alimkumbusha kwamba bado hawajapata ruhusa, naye akasita. Kisha mnara ukawapa maelekezo ya njia ya angani, ambayo si ruhusa ya kuruka. Msaidizi hajamaliza kuyarudia redioni, mkuu akaiondosha ndege. Mara hii msaidizi hakumzuia. Kumkosoa mwalimu wako mara mbili mfululizo kwataka moyo!

Mnara ukawaambia wangoje. Wakati huo huo Pan Am wakasema kuwa wangali njiani. Sauti mbili zikakutana redioni, ukasikika mlio. Fundi mitambo wa KLM ndiye aliyeingiwa na shaka. Akauliza iwapo ile ndege ya Pan Am haijaondoka njiani. Mkuu akajibu kwa mkazo kwamba imeondoka. Fundi akanyamaza, na sekunde chache baadaye wakaiona mbele yao.

Tazama alivyosema: aliuliza. Hakusema, "Simamisha ndege." Sisi watu wa pwani twaijua vyema lugha hiyo. Kijana hamwambii babu yake kuwa amekosea. Humuuliza kwa upole, akitumaini kuwa mzee atalishika fumbo. Barazani ni adabu nzuri mno. Lakini baharia akiona maji yanaingia chomboni, au muuguzi akiona dawa siyo, fumbo halitoshi.

Mwaka 1979 NASA iliitisha kikao kuhusu mawasiliano ya marubani, na mwaka 1981 United Airlines ikaanzisha mafunzo yake. Wadogo wakafunzwa kutaja hatari waziwazi. Marubani wakuu nao wakaketi darasani, kufunzwa kusikiliza.