TUSISAFISHE SANTURI MPAKA ZIKAPOTEZA SAUTI

Waswahili husema mwacha mila ni mtumwa. Hapa Kitui, na kwa majirani zetu wa Makueni, mila nyingine imelala ndani ya santuri zilizosahauliwa juu ya kabati, chini ya mabati yenye joto. Humo mna benga ya Kikamba ya akina Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers. Kakai alifariki 1987, lakini weka sindano tu uone kama wazee hawatatikisa mabega.

Wenzangu watasema nyimbo hizo ziko kwa intaneti. Ni kweli, baadhi zipo. Je, zile ambazo hazipo? Santuri ikipigwa na joto hupinda, na ikishapinda imekwenda. Kwa hivyo naunga mkono kuzihamishia kwenye kompyuta. Unaunganisha gramafoni kwa waya, unacheza wimbo wote, na programu ya bure kama Audacity inarekodi.

Shida iko kwenye kusafisha. Likizo ya Agosti nilirekodi santuri moja ya babu. Ilikuwa na mchakacho mwingi, nikaiamuru programu iuondoe. Sikuridhika, nikaongeza. Halafu, kwa ujinga wangu, nikafuta rekodi ya kwanza. Babu aliposikiliza aliuliza, "Mjukuu wangu, na ile tsi-tsi-tsi ya ngoma imeenda wapi?"

Kumbe programu haijui muziki! Husikiliza mchakacho mahali pasipo wimbo, kisha hupunguza kila kinachofanana nao. Matoazi hufanana nao sana, nayo yakaondoka. Nikakimbilia santuri nirekodi upya. Lo! Nilikuwa nimeiacha dirishani, na jua la Kitui mnalijua. Babu hakunigombeza. Alinyamaza tu, na hilo ndilo liliniuma.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, pangusa vumbi kabla ya kucheza. Pili, weka rekodi ya kwanza vile ilivyo, na kelele zake zote, wala usiiguse. Tatu, safisha nakala nyingine, kidogo kidogo, na mzee aliyeucheza wimbo huo akiwa kando yako. Chama chetu kianze kazi hii muhula ujao, maana Kakai aliimba kwa Kiswahili pia.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi.