Tupunguze Mwendo kwa Aliyetoka Kuugua Kifua

Kilima cha kwenda Ilboru hakimstahi mtu. Aliyetoka juzi kuugua nimonia kali au kifua kikuu utamjua pale: anasimama, anajipapasa mifukoni kana kwamba anatafuta simu, kumbe anatafuta pumzi. Sisi tunamsalimia, "Umepona bwana, hata umenenepa!" na kumpita.

Ndugu zangu wa Arusha, ombi langu ni dogo: tusimpite.

Mji wetu uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga. Mwenye mapafu mazima wala hashtuki. Mwenzetu anashtuka kila akipanda ngazi. Makohozi yake yamepimwa yako safi, kadi imeandikwa amepona, lakini mapafu yanaweza kubaki na makovu yasiyofutika, na miguu imeishiwa nguvu kwa kulala kitandani. Huo si uvivu.

Hospitali ya Kibong'oto, kule Siha upande wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926. Wakati huo dawa za kuua vijidudu vya TB hazikuwepo. Tiba ilikuwa hewa safi, chakula na mapumziko. Leo dawa zipo, dozi ya kawaida ni miezi 6, tunashukuru. Ila naona tulipopata vidonge tukasahau kupumzisha watu. Mtu anameza kidonge cha mwisho Ijumaa, Jumatatu anatakiwa kubeba saruji. Kwa wanaapolo, wachimbaji wa Mererani, hali ni mbaya zaidi: vumbi la mwamba linakakamaza mapafu, TB inapanda juu yake, na akipata nafuu anarudi shimoni maana ada ya watoto haimsubiri. Hapo nasema wazi, mwenye mgodi ana deni. Ampe kazi ya juu, mbali na vumbi.

Kuna na lile lisiloonekana kwenye eksirei. Aliyelazwa kwenye oksijeni huweza kushtuka usiku akaogopa kulala tena. Pumzi ikibana, hofu inapanda. Hofu ikipanda, pumzi inazidi kwenda mbio. Usimzonge. Keti naye, ainame mbele kidogo, mikono magotini, avute hewa puani taratibu, kisha aitoe kwa midomo iliyobanwa kama anayepuliza chai ya moto, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Wataalamu wa mazoezi tiba wanafundisha hili na mengine mengi. Waulizeni kabla hamjatoka hospitali, kwa sababu asiyeuliza mara nyingi huondoka na dawa na tarehe ya kurudi tu.

Jioni tembeeni naye kwenye tambarare kwanza. Akiweza kuongea huku anatembea, mwendo unafaa. Akishindwa kumaliza sentensi, simameni.

Nyumbani mpikieni mtori au loshoro, lakini jiko la mkaa lisiingizwe chumbani kwake, hata kwenye baridi ya Julai. Na kile kikombe alichotengewa kirudi kabatini pamoja na vingine: aliyethibitishwa kupona TB haambukizi mtu. Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa nchini, tarehe 16 Machi 2020, alikuwa hapa hapa Arusha, kwa hiyo tunajua jinsi kidole kinavyonyooshwa haraka. Kunyoosheana vidole hakujawahi kumsaidia mtu kupumua.

Akikohoa damu, homa ikirudi, kifua kikibana hata ameketi, au akianza kusema haoni sababu ya kuishi, hapo tangawizi haitoshi. Mpelekeni kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Wenyeviti wa mitaa, kuanzia Unga Limited hadi Moshono, kwenye mkutano ujao tangazeni siku za kliniki ya kifua za zahanati iliyo karibu nanyi. Waajiri, mpangieni aliyetoka kuugua kazi nyepesi kwa wiki za mwanzo, na mshahara wake msiuguse. Na wewe kondakta wa kifodi, abiria akikuomba umsubiri apande polepole, usimgongee bodi kumharakisha. Mpishe kiti cha karibu na mlango.