Emoji Hainunui Dawati

Natumaini mshahara umeingia na hujaumaliza wote. Kama umeumaliza usikimbie, kaa hapa hapa, maana leo naongelea pesa. Siyo ya kujenga wala ya kununua gari. Ni ile unayompa mtu ambaye hutamuona, hatakualika na hatakurudishia.

Nianze na aibu yangu mwenyewe.

Niko kwenye grupu moja la WhatsApp la wenyeji wa Bariadi tunaoishi mijini. Tuko 180 na ushee: Dar, Mwanza, Dodoma, Arusha, na wachache wako majuu. Ni grupu zuri kwa kweli. Asubuhi salamu za Kisukuma, mchana siasa, jioni Simba na Yanga, usiku wale wasiolala wanatuma video. Mwaka jana mwenzetu alipotaka kuoa, kamati iliundwa ndani ya siku mbili. Kadi zikatoka, ahadi zikaandikwa, na kila jioni mweka hazina akabandika orodha: fulani 100,000, fulani 50,000, fulani ameahidi. Wiki sita tu tukawa na zaidi ya Sh 11,000,000. Tulikula, tukacheza, na keki ilikuwa na ghorofa tano.

Miezi miwili baadaye, mwenzetu mwingine alikwenda nyumbani kusalimia wazazi, akatuma picha. Darasa la shule moja ya msingi nje kidogo ya mji wa Bariadi, watoto wamekaa sakafuni, madaftari yamelala juu ya mapaja. Chini yake akaandika: "Jamani wanakwetu, tusaidie."

Unajua kilichofuata? Emoji. Nilizihesabu, zilikuwa 64. Za kulia, za mikono iliyounganishwa, za mioyo iliyovunjika. "Inasikitisha sana." "Mungu awatie nguvu watoto wetu." "Tuangalie namna." Mimi nilituma mikono miwili, nikarudi jikoni kugeuza maandazi. Wiki mbili zikapita. Zilikuwa zimepatikana Sh 135,000, kutoka kwa watu watano.

Jioni moja nikamsimulia mume wangu, nimekasirika kabisa, jinsi watu walivyo na roho ngumu. Akanisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza taratibu: "Na wewe mama, ulitoa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Ukweli ni kwamba kwa zile emoji zangu nilijiona nimeshatoa.

Harusi tunachangia, dawati tunashindwa?

Ni rahisi kusema Watanzania ni wabahili. Hapana! Watu hao hao wanachangia harusi, kicheni pati, sendofu, ubarikio na misiba, na mwezi unaofuata wanaanza tena. Kwa hiyo nikaamua kuwauliza wenzangu mmoja mmoja, pembeni, kwa nini safari hii walinyamaza. Majibu yalikuwa mengi lakini yaliangukia mafungu matatu.

La kwanza: "Sikujua inatakiwa ngapi." Kweli. Neno "tusaidie" halina namba. Ukiwa na 20,000 mkononi unajiuliza itafanya nini mbele ya darasa zima, unaona bora uache kuliko kujiaibisha.

La pili: "Nilidhani wengine watatoa." Hapa ndipo wengi tunapokwama. Ujumbe ukienda kwa watu 180, kila mmoja anaona umemfikia jirani yake. Zamani kule Usukumani vijana wa kijiji walikuwa na kiongozi wao, nsumba ntale, aliyewaita kwenye kazi za pamoja. Anayehitaji kulimiwa alilimiwa, na kijana aliyekosa kufika alijulikana siku hiyo hiyo, akatozwa faini. Kwenye simu aliyekosa haonekani. Unasoma, unaguswa, unapita, na hakuna anayejua kwamba ulipita.

Jibu la tatu waliniambia kwa sauti ya chini: "Zile za mgonjwa ziliishia wapi?" Miaka michache iliyopita tulichangia matibabu ya mwenzetu mmoja. Aliyekusanya hakuleta hesabu. Labda zote zilifika, labda hazikufika. Hakuna aliyeuliza, maana ilionekana ni utovu wa adabu kumuuliza mtu mzima habari za pesa za mgonjwa. Basi tukanyamaza, na ukimya ule ule ndio uliokuja kuwaangukia watoto waliokaa sakafuni. Ongeza na zile meseji za matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", ambazo sijui kama kuna mwenye simu Tanzania hajawahi kuzipata. Mtu akiona namba asiyoijua chini ya picha ya huzuni, mkono unaganda.

Jirani zetu walifanyaje?

Mwaka 2011 ukame mkali uliikumba Kenya, na watu wa kaskazini wakawa wanakufa njaa. Mwezi Julai ikaanzishwa kampeni ya Kenyans for Kenya, ikiwaunganisha Safaricom, benki ya KCB, vyombo vya habari na Msalaba Mwekundu wa Kenya. Lengo lilikuwa Sh milioni 500 za Kenya ndani ya wiki nne. Watu walituma kwa M-Pesa walichokuwa nacho, hata shilingi 10 ilipokelewa. Lengo lilivukwa kabla ya muda kwisha.

Wakenya walikuwa na M-Pesa tangu 2007, kwa hiyo siyo kwamba njia ya kutuma ndiyo kwanza iligunduliwa. Ninachokiona mimi ni kwamba waliambiwa kiasi, wakaambiwa siku ya mwisho, na walijua nani anapokea na atafanyia nini. Ukiangalia vizuri, ni vitu vile vile ambavyo kamati ya harusi inavifanya. Bajeti ipo, tarehe ipo, mweka hazina anajulikana hadi kwao, na siku ya sherehe pilau unaiona kwa macho yako.

Na huku kwetu uhitaji siyo hadithi. Simiyu ni mkoa mdogo kwa umri, ulianzishwa rasmi 2012. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157, na ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Hilo ni ongezeko la zaidi ya watu nusu milioni katika miaka kumi, na wengi ni watoto. Hapo katikati, Januari 2016, ikaanza elimu bila malipo, madarasa yakafurika nchi nzima, hadi ikabidi serikali iendeshe kampeni ya madawati mwaka ule ule. Madawati yalipatikana kwa wingi, lakini watoto hawakuacha kuzaliwa, na mbao huvunjika.

Najua kuna msomaji anasema, "Hiyo ni kazi ya serikali, sisi tunalipa kodi." Uko sahihi, idai. Ila mtoto wa darasa la pili atakuwa darasa la pili mwaka huu tu, hatasubiri bajeti ijayo. Na wazazi wa kule hawajakaa mikono mifukoni. Maboma ya madarasa wanainua wenyewe, na kambi za kitaaluma za Simiyu, zile za wanafunzi wa madarasa ya mitihani, zilisimama kwa michango ya wazazi na wadau. Mkulima wa pamba wa Dutwa anatoa, halafu mimi mwenye ofisi yenye kiyoyozi natuma mikono miwili?

Tukarudia, safari hii kwa adabu

Tulimwomba mweka hazina wa ile harusi atusaidie. Mama yule hacheki na pesa ya mtu! Kwanza alimpigia mwalimu mkuu na mwenyekiti wa kamati ya shule, akauliza wanachohitaji hasa. Akatafuta fundi pale pale Bariadi, akapewa bei: Sh 80,000 dawati moja la watoto watatu. Ndipo akaandika kwenye grupu: "Tunataka madawati 40. Siku ni 20. Mnaweza kushirikiana wawili au wanne kwa dawati moja. Kila jioni saa mbili nitaleta hesabu."

Ile picha ya mwanzo aliifuta. Alisema nyuso za wale watoto siyo za kuombea pesa, kwani wana wazazi, na kesho watakuwa watu wazima wenye simu zao. Halafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Alimfuata kila mtu pembeni, kwa jina, kwa heshima yake: "Shikamoo kaka, nimekuwekea nusu dawati, nikuandike?" Ukiitwa kwa jina, emoji haitoshi tena.

Tulibishana kidogo kuhusu orodha. Wengine walitaka viwango viandikwe kama kwenye harusi, wengine wakasema tutawaaibisha wenye kidogo. Tukakubaliana majina yatokee bila viwango, na jumla ya siku iandikwe wazi na picha ya muamala. Ikafanya kazi. Aliyetoa 5,000 na aliyetoa 240,000 walisimama mstari mmoja.

Je, tulifika 40? Hatukufika. Tulipata 31, yaani Sh 2,480,000. Ahadi nyingine zilikufa kama zinavyokufa za harusi, na ndugu mmoja aliyeahidi madawati matatu alitoka kwenye grupu siku ya kumi na nane, "bahati mbaya".

Nilikuwepo kirikuu ilipoingia uwanjani na mzigo wa kwanza. Mwalimu mkuu alihesabu dawati moja moja, akasaini karatasi, nikaipiga picha na kuituma pale pale. Sikuona machozi wala hotuba. Nilichoona ni watoto wakigombania kukaa pembeni, maana wa katikati anabanwa viwiko. Nikacheka mwenyewe. Ni ugomvi ule ule niliougombana mimi nikiwa na umri wao.

Wewe na mwenzi wako

Sasa tuje nyumbani. Mara ngapi mchango umezua ugomvi ndani? Mume anaona meseji ya muamala kwenye simu ya mke, au mke anagundua mwezi wa tatu mfululizo kwamba "rafiki wa kazini" ameoa. Mara nyingi kinachouma zaidi ya kiasi ni kutokuambiwa.

Sisi, baada ya lile swali la jikoni, tulikaa na kukubaliana. Tuna fungu la michango kila mwezi, na likiisha limeisha. Na kila tunapochangia sherehe Sh 100,000, tunatenga Sh 20,000 kwa ajili ya wasiotualika. Watoto wa sakafuni hawana kadi ya kukupa wala kamati ya kukupigia simu. Msipowatengea kabla, watakuwa wa mwisho kila mwezi.

Na kama mwezi huu hamna kitu, hamna. Msikope ili muonekane. Semeni tu "safari hii hatuwezi", ni heshima kubwa kuliko ahadi hewa.

Kabla hujaandika "tusaidie" kwenye grupu lako

• Ongea kwanza na wanaosaidiwa. Usiwapelekee madawati kumbe wanalilia choo.

• Taja kiasi, bei ya kipande kimoja, na siku ya mwisho.

• Usikusanye peke yako. Wawe watatu, wanaofahamika. Zipo huduma kama M-Koba zilizotengenezwa kwa ajili ya pesa za vikundi, zitumie, usichanganye na ya kwako ya matumizi.

• Chagua wakati. Wa mjini waombe mwisho wa mwezi. Wa nyumbani wasubiri wauze pamba.

• Leta hesabu hata kama hujaulizwa, na hasa kama zimepungua.

• Ficha nyuso za watoto. Piga picha ya dawati, ya risiti, ya fundi akiranda mbao.

• Na wewe unayeombwa, uliza. Kuuliza pesa zimefika wapi si utovu wa adabu. Tungeuliza zamani zile, tusingefika hapa.

Yale madawati 31 yamewainua watoto 93. Yamebaki tisa, maana yake kuna watoto 27 ambao asubuhi ya leo, wakati mimi nakunywa chai na kuandika haya, wamekaa pale pale sakafuni. Mweka hazina ameshafungua orodha mpya, na jina la kwanza, kabla sijaombwa, ni la nyumba yetu.

Basi msomaji wangu, wewe nawe una grupu lako: la shule, la kanisani au msikitini, la kazini, la mtaa. Mwezi huu mtu mmoja aseme namba, mmoja asimamie hesabu. Ukimaliza niandikie nijue imekuwaje, hata kama mlipungukiwa.