Kentucky ya Pope: Sura mpya tupu, lakini Duke imelala

IKO hivi. Chukua timu yako, iwe Simba, Yanga au Azam. Kocha aliyekaa miaka 15 anaondoka ghafla. Wachezaji nao wanaondoka. Siyo watatu au watano, wote. Hakuna beki aliyebaki wala kiungo, hata kipa namba tatu hayupo. Anakuja kocha mpya, anakuta jezi, uwanja na mashabiki. Basi.

Sasa kocha huyo anapewa miezi michache ajenge kikosi, halafu mechi yake ya tatu ya msimu anapangiwa mmoja wa vigogo wa nchi nzima. Anashinda.

Hicho ndicho kilichotokea alfajiri ya Jumatano moja mwaka 2024 kwa saa zetu, wakati wengi wetu tukijiandaa kwenda kazini. Pale Atlanta, Marekani, Chuo Kikuu cha Kentucky kiliifunga Duke pointi 77-72 kwenye mpira wa kikapu. Duke ilikuwa namba 6 kwa ubora nchini humo, Kentucky namba 19.

Najua hii ni kurasa ya watu wa soka. Lakini kaa hapo hapo, maana stori ya Kentucky ni stori ya usajili, na hakuna anayejua raha na maumivu ya usajili kama shabiki wa soka wa Bongo.

CALIPARI ALIACHA NYUMBA TUPU

Kwa wasiojua, kikapu cha vyuo Marekani siyo UMISSETA. Uwanja wa Kentucky, Rupp Arena, unaingiza watu karibu 20,000 na unajaa. Chuo hicho kimetwaa ubingwa wa taifa mara 8, kikizidiwa na UCLA tu wenye 11. Kule Kentucky hakuna timu ya NBA, kwa hiyo chuo ndiyo klabu ya jimbo zima, kwa babu na mjukuu.

John Calipari alikuwa pale tangu 2009. Staili yake ilikuwa moja: sajili watoto wenye vipaji vikubwa kuliko wote wanaotoka sekondari, wacheze mwaka mmoja, waende NBA, kisha sajili wengine. Anthony Davis, John Wall, Karl-Anthony Towns, Devin Booker na Shai Gilgeous-Alexander wote walipita mikononi mwake.

Mwaka 2012 staili hiyo ilileta ubingwa. Baada ya hapo ikaanza kuchuja. Mwaka 2022 Kentucky ikatolewa na Saint Peter's, chuo kidogo ambacho wengi hawakuwahi kukisikia. Machi 2024 ikatolewa na Oakland kwa pointi 80-76, tena mechi ya kwanza kabisa ya mashindano ya taifa. Kikosi hicho kilikuwa na Reed Sheppard na Rob Dillingham, ambao Juni walichukuliwa namba 3 na namba 8 kwenye drafti ya NBA. Yaani vipaji vilikuwepo, timu haikuwepo.

Aprili, Calipari akafungasha akaenda Arkansas, wapinzani wa ligi hiyo hiyo. Wengine wakamfuata, wengine wakaenda NBA, wengine vyuo vingine. Mchezaji mwenye ufadhili wa masomo aliyebaki Kentucky? Sifuri.

Hata Simba ilipofumua kikosi mwaka 2024 kabla ya Fadlu Davids kuanza kazi, Mohamed Hussein 'Tshabalala' na Shomari Kapombe walibaki, kulikuwa na watu wa kuwaambia wageni hapa tunaishije. Mark Pope hakuwa na Tshabalala wake.

POPE NI NANI?

Mashabiki walitaka jina kubwa. Yakatajwa majina ya Dan Hurley wa UConn na Scott Drew wa Baylor, wakabaki kwao. Alipotangazwa Pope, wengi walinuna.

Hawakukosa sababu. Alikuwa kocha wa BYU kwa miaka mitano, na kwenye mashindano ya taifa alikuwa ameshiriki mara mbili kama kocha mkuu, akatolewa mechi ya kwanza mara zote mbili. Kwa timu inayotaka ubingwa, hiyo ilikuwa CV yenye tundu.

Ila jamaa ana kitu ambacho Hurley na Drew hawana. Alikuwa nahodha wa Kentucky iliyotwaa ubingwa mwaka 1996. Baadaye akacheza NBA, akaanza kusomea udaktari Chuo Kikuu cha Columbia, kisha akaacha kwa sababu ya ukocha. Siku anatambulishwa, Rupp Arena ilijaa. Waliokuwa wamenuna wakakumbuka kwamba huyu ni mtoto wa nyumbani.

KIKOSI CHENYEWE CHA 2024-25

Kikapu nacho kina namba kama soka, ila zinaishia tano. Tuzipitie.

Namba 1 alikuwa Lamont Butler kutoka San Diego State. Huyu ndiye aliyekuwa mchezeshaji, aliyeshika usukani. Mwaka 2023 alirusha mpira wa sekunde ya mwisho ulioitoa Florida Atlantic kwenye nusu fainali ya taifa, 72-71, na kuipeleka timu yake fainali. Ni mtu wa presha. Na kwa kukaba ni king'ang'anizi haswa, yule ukipangiwa naye unaomba mechi iishe. Nyuma yake alikuwepo Kerr Kriisa wa Estonia, mzoefu mwenye maneno mengi uwanjani.

Namba 2 alikuwa Otega Oweh kutoka Oklahoma, mtoto wa wazazi wa Kinigeria. Mwili wa kazi, anaingia kwenye goli kama winga anayekata ndani. Alipata pointi 15 dhidi ya Duke, na ndiye aliyempora mpira staa wao Cooper Flagg mwishoni kabisa mwa mechi, matokeo yakiwa bado hayajaeleweka.

Namba 3 alikuwa Jaxson Robinson. Hiki kilikuwa chuo chake cha nne baada ya Texas A&M, Arkansas na BYU. Alikuwa na Pope BYU, kwa hiyo ndiye aliyejua kocha anataka nini. Kama kulikuwa na Tshabalala wa kuazima, ni huyu.

Namba 4 alikuwa Andrew Carr kutoka Wake Forest. Mrefu, lakini anarusha kutoka mbali na anauchezea mpira vizuri. Alimaliza na pointi 17 dhidi ya Duke.

Namba 5 alikuwa Amari Williams, Mwingereza wa Nottingham mwenye futi saba. Akiwa Drexel alichukua tuzo ya mkabaji bora wa ligi yao mara tatu mfululizo. Kinachoshangaza zaidi ni pasi zake. Pope alimpa mpira juu ya eneo la hatari, wenzake wakizunguka, yeye akigawa. Fikiria straika wa kati anayeshuka kuchukua mpira ili mawinga wapite nyuma ya mabeki.

Benchi nalo halikuwa la kukaa na kupiga makofi. Koby Brea kutoka Dayton msimu wa 2023-24 ndiye aliyeongoza nchi nzima kwa usahihi wa mitupo ya pointi tatu, karibu nusu ya mitupo yake iliingia. Brandon Garrison kutoka Oklahoma State alikuwa anampumzisha Williams. Ansley Almonor alikuwa kwenye Fairleigh Dickinson ile iliyoitoa Purdue mwaka 2023, moja ya maajabu makubwa ya mashindano hayo.

Halafu kulikuwa na vijana watatu. Travis Perry na Trent Noah ni wazawa wa jimbo hilo hilo la Kentucky, na Perry ndiye mfungaji bora wa muda wote wa shule za sekondari za wavulana pale, baada ya kuvunja rekodi iliyodumu tangu 1956. Collin Chandler alikuwa ametoka kwenye miaka miwili ya umisionari wa kanisa lake, sehemu ya muda huo akiwa Sierra Leone. Huyo alikuwa bado anatafuta pumzi ya mechi.

KWANINI DUKE ILILALA

Twende kwenye ushahidi. Hadi mapumziko Duke ilikuwa mbele 46-37. Flagg alikuwa anafanya anavyotaka, akamaliza na pointi 26 na ribaundi 12. Ungeangalia kipaji kwa kipaji, Duke ilikuwa juu.

Kipindi cha pili Kentucky ikachukua 40, Duke 26. Hakuna staa mmoja aliyefanya hivyo. Kilichofanya kazi ni umri.

Flagg alikuwa bado hajatimiza miaka 18. Khaman Maluach, tutamrudia, alikuwa na 18. Upande wa pili Butler, Carr, Robinson, Brea na Williams wote walikuwa mwaka wa tano chuoni, kwa sababu wachezaji wa kipindi cha korona waliongezewa mwaka mmoja wa kucheza. Hawa ni wanaume. Walishafungwa sana, walishashinda sana. Mechi ilipokaza, watoto waliharakisha na wakubwa wakatulia.

Hii ndiyo tofauti ya Pope na Calipari. Mmoja alinunua kesho, huyu alinunua leo.

Na mfumo wake ulikuwa unawabeba. Anataka kasi, pasi nyingi na mitupo ya mbali, na karibu kila aliyemsajili aliweza kurusha. Mechi mbili za kwanza Kentucky iliichapa Wright State 103-62 na Bucknell 100-72. Hao ni vibonde, sawa, lakini pointi 100 mechi mbili mfululizo kwa watu waliokutana kiangazi siyo mchezo.

MATUNDU YALIKUWEPO

Sasa tusidanganyane. Mechi tatu ni mechi tatu. Hapa kwetu tumeshaona timu zinaupiga mwingi Agosti, zikifika Februari zinahema.

Tundu la kwanza lilikuwa kukaba. Kula pointi 46 kipindi kimoja siyo dalili nzuri. Butler akitoka, ukuta wa mbele ulipungua nguvu, na Brea pamoja na uchawi wake wa kurusha hakuwa mkabaji.

La pili lilikuwa majeraha. Mfumo huu ulitegemea mtu wa kuongoza gari. Butler akiumia, angebaki Kriisa. Kriisa naye akiumia, usukani angeshika Perry aliyekuwa ametoka sekondari juzi tu. Hapo ndipo niliona hatari kubwa kuliko zote.

La tatu ni kwamba hakukuwa na mtu wa kumpa mpira ukasema "fanya jambo". Duke ilikuwa na Flagg. Kentucky ilikuwa na watu wanane wazuri. Ligi ni ndefu, watu wanane wazuri wanakubeba. Machi, kwenye mtoano wa timu 68 ambao ukifungwa mara moja unarudi nyumbani, siku mitupo ya mbali ikigoma nani anakuokoa?

La nne lilikuwa la msimu uliofuata. Wale watano wa mwaka wa tano walikuwa wanamaliza wote. Pope angerudi sokoni tena.

Na hapa ndipo penye mjadala wenyewe. Zamani mchezaji wa chuo akihama alikaa nje msimu mzima. Tangu 2021 akaruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa nje, na Aprili 2024 kikomo hicho kiliondolewa, ilimradi masomo yake yako sawa. Tangu Julai 2021 pia anaruhusiwa kulipwa kwa kutumia jina na sura yake. Mchezaji amepata haki aliyonyimwa miaka mingi huku vyuo vikivuna mamilioni, na mimi siwezi kulilia utaratibu wa zamani. Lakini shabiki wa Kentucky leo anajifunza majina mapya kila kiangazi. Anashangilia jezi, ndani ya jezi hajui atakuwepo nani. Perry na Noah walikuwa nanga yake, watoto wa jimbo. Pope aliwachukua kwa akili, siyo kwa huruma.

SISI TUNAINGIAJE?

Rudi kwa Maluach. Huyo futi saba aliyekuwa Duke ni kijana wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda. Alipitia akademi ya NBA Afrika kule Senegal, mwaka 2024 alivaa jezi ya City Oilers ya Kampala kwenye ligi ya BAL, na akacheza Olimpiki ya Paris na taifa lake. Kisha akacheza mbele ya Marekani nzima.

Sisi tulikuwa na Hasheem Thabeet. Kijana wa Dar akapita UConn, akachukuliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA mwaka 2009. Tangu hapo hatujapeleka mwingine wa kiwango kile. Milango ya vyuo vya Marekani haijawahi kuwa wazi kama sasa, na jirani zetu wanaiona.

HUKUMU YANGU

Pope alisajili vizuri kuliko wengi tulivyotarajia. Alichukua watu wazima, wanaorusha, wanaopasiana, na aliacha majina. Kwa miezi aliyopewa, nampa alama ya juu.

Ubingwa? Sikuuona. Niliwaona wakifika 16 bora, hatua ambayo Kentucky ilikuwa haijaigusa tangu 2019, mradi Butler abaki mzima. Zaidi ya hapo ingekuwa bahati ya mitupo.

Kipimo cha kweli kilikuwa Februari 1, 2025. Siku hiyo Calipari alirudi Rupp Arena na Arkansas yake, akiwa na baadhi ya wale wale alioondoka nao. Mzee alirudi kwenye nyumba aliyoiacha tupu, akakuta wapangaji wapya. Walisharudishia taa, jiko likiwaka. Swali lilikuwa kama paa lingehimili mvua.