MVUA YA RISASI NA MWAVULI HUNA!

Wiki hii tuongee gemu. Wazee msikunje sura, na nyie yanawahusu.

Hapa Ruponda jioni pita pale wanapochajisha simu. Utawakuta vijana wameinamia kioo, jasho linawatoka, kidole kinateleza utadhani kinacheza sindimba. Chini kuna kindege kimoja, juu limekaa dubwana, na risasi zinamwagika kama ufuta unaokung'utwa. Ukichungulia mara ya kwanza unasema hapa hatoki mtu. Lakini kinapenya, bwana!

Siri yake ni nini? Kwanza, risasi ni nyingi lakini nyingi zinakwenda taratibu. Pili, kindege unachokiona siyo chote kinachohesabiwa. Panapoua ni padogo tu, katikati, kama kidoti. Risasi ikipita juu ya bawa, hufi. Tatu, hazirushwi ovyo. Zina mpangilio wake, na ukirudia unaukuta ule ule. Uliyekufa hapa leo, kesho unajua hapa panapitwa kushoto.

Dada zangu mliokua na rede mnanielewa. Wawili wanakurushia mpira, wewe uko katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa. Raha siyo kumpiga mtu. Raha ni kubaki umesimama wakati wote walishasema umekwisha.

Wenye mchezo ni Wajapani. Mwaka 1978 kampuni ya Taito ilitoa Space Invaders, kazi ya bwana Tomohiro Nishikado. Kaka zetu wao ukoo huo waliujulia kwenye Nokia 3310 iliyotoka mwaka 2000, ile gemu ya Space Impact. Lakini mvua yenyewe ilianza kunyesha 1993, kampuni ya Toaplan ilipoleta Batsugun. Mwaka uliofuata Toaplan ikafilisika. Baadhi ya watu wake wakaanzisha Cave, na 1995 wakashusha DonPachi. Wajapani wanaita danmaku, yaani pazia la risasi. Halafu yupo jamaa anajiita ZUN, mwenye gemu za Touhou. Huyo programu anaandika mwenyewe, picha anachora mwenyewe, na muziki anatunga mwenyewe. Mtu mmoja!

Sasa penye neno ni hapa. Wapo wazazi wanaochapa watoto kwa gemu hizi, eti ni kamari. Jamani, kamari ni lile dubwi, mashine inayomeza sarafu ya mia mbili. Kisheria asiyetimiza miaka 18 haruhusiwi hata kuligusa. Dubwi ulicheze mara moja au mara elfu, halikufundishi kitu. Ukishinda siyo wewe, ukiliwa siyo wewe. Kwenye mvua ya risasi ukifa ni wewe, ukipona ni wewe. Kijana aliyezoea kuona kwamba akirudia anaelewa, huyo ukimpa hesabu ngumu hakimbii. Aliyezoea kungoja bahati atangoja mpaka mvi.

Ila na nyie vijana msijifanye malaika. Gemu nyingine za simu zinakubembeleza ununue ndege kali kwa hela. Ukishaanza kununua, ujue dubwi limekufuata mpaka mfukoni. Na palizi ya mikorosho haina kitufe cha kuanza upya. Ukiiacha, msimu ndio umekwenda.

Kwa hiyo mzazi, kabla hujatafuta fimbo, uliza kwanza: hapo kuna hela inaingia? Kama ipo, kaa na mwanao mzungumze. Kama haipo, omba zamu na wewe ujaribu. Dakika moja tu utakuwa umeshakufa, na mwanao ndiye atakayekufundisha kupita.

Haya, tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.