Mashauri ya Nyumbani: Hofu ya Koleo

Barua ya juma hili imetoka Kerenge, wilaya ya Korogwe. Mama mmoja atuandikia kwamba mumewe, mkata mkonge wa miaka mingi, mtu asiyeogopa nyoka wala nyuki, ana gego bovu la chini tangu wakati wa kupanda mahindi. Shavu huvimba, likakaa siku tatu, likanywea. Kisha huvimba tena. Kila akiambiwa twende hospitali husema kesho, na kesho ikifika hushika jembe akaenda shamba. Asili ya hofu yake ni kaka yake, aliyeng'olewa jino zamani akapiga kelele hata watu wa nje wakasikia. Mama huyo auliza: “Nifanye nini? Nimemsihi, nimemcheka, nimemnunia, wala hakuna lililofaa.”

Mama, kwanza acha kumcheka. Hofu hii si ya watoto peke yao, wala si ya wajinga. Wamo walimu na askari ambao miguu huwalegea wakifika mlangoni pa mganga wa meno. Wala si ajabu. Mtu alazwa chali, kinywa wazi, hawezi kusema, haoni lifanyikalo, na chombo cha chuma kimo ndani ya kichwa chake. Nani apendaye kukaa hivyo mbele ya mgeni? Mtu akichekwa kwa ajili ya hofu yake huificha, na akiisha kuificha hawezi tena kusaidiwa. Atasema tu kwamba ana kazi shambani.

Sasa tuseme habari ya yule kaka, maana hadithi kama yake ipo katika kila kijiji, na mara nyingi ni ya kweli. Kwa nini aliumia vile? Sisi hatukuwapo, lakini sababu iliyo ya kawaida yajulikana. Dawa ya ganzi hufanya kazi vizuri katika nyama iliyo nzima. Palipo na usaha nyama huwa na ukali kama wa ndimu, na ukali huo huipunguza dawa nguvu kabla haijafika kwenye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mganga mwenye busara, akikuta uvimbe mkubwa, pengine hutoa kwanza ule usaha, au hutoa dawa ya kuua vijidudu na kumwambia mgonjwa arudi baada ya siku chache, au huchoma ganzi mahali pengine, mbali na uvimbe. Asipofanya hivyo, mgonjwa ataumia.

Basi ona jinsi mambo yanavyozunguka. Mtu aogopa kuumizwa, kwa hiyo angoja. Kwa kungoja, jino latunga usaha. Kwa usaha, ganzi haishiki sawasawa, naye aumia kweli. Arudi nyumbani amefungwa shavu, awasimulie nduguze, na nduguze wasema: “Umesikia? Sisi hatuendi.” Wale waliokwenda mapema, wakazibwa jino kwa robo saa wakarudi kazini, hawana hadithi ya kusimulia. Nani ataketi chini ya mwembe aseme, “Jana niliziba jino wala sikuumia”? Kwa hiyo sisi husikia upande mmoja tu wa habari.

Uko na udanganyifu mwingine. Jino huuma majuma mawili, usiku hakulaliki, kisha siku moja maumivu yaisha. Mwenye jino ashukuru, asema limepona. Halikupona. Jino lililotoboka halijizibi lenyewe. Mara nyingi maana yake ni kwamba ile nyama laini iliyo ndani ya jino, yenye mishipa ya damu na ya fahamu, imekufa. Aliyekufa hapigi kelele. Vijidudu vyaendelea kushuka kwa njia ya mzizi mpaka mfupani, na huko ndiko uvimbe utokako.

Kwa hiyo, mama, twakuambia bila kuficha: shavu livimbalo na kunywea si jambo la kungojea mavuno. Mara nyingi ni jipu tu. Lakini jipu la gego la chini laweza kushuka chini ya ulimi na shingoni, likabana njia ya pumzi, na watu wamekufa kwa jino. Ukiona uvimbe umeshika chini ya taya pande zote mbili na kuwa mgumu, au ulimi umeinuliwa, au hawezi kufungua kinywa, au hawezi kumeza hata mate yake, au ana homa na pumzi nzito, hapo usingoje asubuhi. Kodi gari, amsha jirani mwenye pikipiki, mpeleke hospitali usiku ule ule. Kadhalika uvimbe wa jino la juu unaopanda kufunga jicho.

Haya, tuseme sasa juu ya ganzi yenyewe. Wengi hudhani chumba cha meno ndicho kao la uchungu. Kumbe waganga wa meno ndio waliotangulia kuwaonyesha madaktari wengine namna ya kuushinda uchungu wa kisu. Tarehe 11 Desemba, 1844, katika mji wa Hartford, Marekani, mganga wa meno Horace Wells aliketi mwenyewe katika kiti, akavuta hewa iitwayo hewa ya kuchekesha, na mwenzake akamng'oa gego. Hakuumia. Mwezi uliofuata alikwenda Boston kuwaonyesha wakubwa wa uganga, lakini mgonjwa wake alipiga kelele kidogo, na watu wakamzomea Wells. Mwenzake wa zamani, William Morton, naye mganga wa meno, hakukata tamaa. Tarehe 16 Oktoba, 1846, katika hospitali ya mji ule ule wa Boston, alimvutisha mgonjwa dawa ya etha, na daktari akamkata uvimbe shingoni mbele ya watu. Tangu hapo habari zilienea duniani kote. Leo mwanamke anayepasuliwa ili azae hukatwa bila kuona uchungu wa kisu, naye ana deni kwa watu wale wa meno.

Ganzi itumikayo zaidi sasa kwa meno ni lignokaini, iliyotengenezwa Sweden mwaka 1943 na Nils Löfgren. Huzuia mishipa ya fahamu isipeleke habari ya uchungu kichwani. Dakika chache baada ya sindano mdomo huwa mzito kama wa mtu mwingine, na hukaa hivyo saa mbili au tatu. Lakini sikilizeni neno hili, maana wengi hawaambiwi: ganzi huondoa uchungu, haiondoi kusukumwa. Jino linapong'olewa utasikia mganga akisukuma na kutikisa, pengine utasikia mlio ndani ya sikio. Asiyejua hudhani uchungu waja, akaanza kupiga kelele kabla haujafika, wala haufiki. Na ile sindano unene wake haufiki hata nusu ya milimita. Mkata mkonge, ambaye mwiba wa mkonge humwingia mkononi akauchomoa na kuendelea na kazi, amekwisha kuvumilia mabaya kuliko hayo mara nyingi, tena bila ganzi.

Wengine huogopa harufu. Wakifika mlangoni pua yapata harufu fulani na tumbo lapinduka. Je, wajua ni harufu gani? Mara nyingi ni karafuu, karafuu hii hii ya pilau, tuletewayo kutoka Unguja na Pemba. Mafuta yake hupunguza uchungu, na waganga huyachanganya na unga mweupe wa zinki kuziba jino kwa muda. Kwa hiyo mama anayemwekea mtoto karafuu katika jino usiku hakukosea, hiyo ni huduma ya kwanza, mpaka hospitali ifunguliwe. Lakini maji ya betri, mafuta ya taa, na aspirini iliyosagwa na kubandikwa kwenye ufizi huunguza nyama wala haviponyi. Na wale wasemao wanatoa mdudu wa jino, wakamwonyesha mgonjwa kijidudu cheupe katika pamba, wamekuja nacho. Jino huozeshwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho, vinavyokula sukari tunayokula na kutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo itoboayo.

Na hapa tuna neno la kwetu la kujivunia. Watu wengi hawaogopi koleo peke yake, waogopa zaidi ile keekee ya mashine inayolia kama mbu mkubwa. Basi, katikati ya miaka ya 1980, hapa Tanzania, waganga waliokuwa katika kazi ya shule ya meno ya Dar es Salaam, mmojawapo Mholanzi Jo Frencken, walijaribu njia ya kuziba meno isiyotaka mashine wala umeme. Mganga hukwangua sehemu iliyooza kwa vijiko vidogo vya chuma, kwa mkono, kisha huchanganya unga na maji yake na kulijaza tundu, na baada ya dakika chache dawa hukauka ikashikamana na jino. Kwa kuwa hukwangua sehemu iliyolainika tu, mara nyingi haihitajiki hata sindano. Ilifikiriwa kwa ajili ya vijiji visivyo na umeme, lakini ilionekana pia kwamba wagonjwa, hasa watoto, waliogopa kidogo zaidi. Tarehe 7 Aprili, 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza kwa mataifa yote. Leo yatumika hata katika nchi za matajiri. Wengi wetu hatujui kwamba ilianzia hapa nyumbani.

Lakini njia hiyo ni ya jino lililotoboka tu, si ya jino lenye usaha. Kwa gego la mumeo, mama, huenda imekwisha kuchelewa. Hata hivyo ana meno mengine thelathini, na mganga atayatazama hayo pia. Katika vyumba vingi vya meno nchini kazi kubwa mpaka leo ni kung'oa, kwa sababu watu huja wakati hakuna tena la kuziba.

Utamwendesha namna gani? Usimwambie, “Haitauma hata kidogo.” Akiumia kidogo hatakuamini tena. Mwambie, “Siku ya kwanza ni kutazamwa tu, nami nakuja nawe.” Kutoka Kerenge kwenda mjini Korogwe ni nauli, na ni siku ya kazi iliyopotea, twajua. Kwa hiyo ulizeni kwanza katika zahanati au kituo chenu siku ambazo mtu wa meno yupo katika Hospitali ya Magunga, msije mkafika bure. Jambo likiwa zito watawaandikia barua ya kwenda Bombo, Tanga. Matabibu wa meno wengi wa nchi hii walifundishwa Tanga au Mbeya, nao wamekwisha kuwaona waoga wengi kuliko yeye.

Asubuhi hiyo ale chakula. Wengi wanaozimia kitini huzimia kwa njaa na hofu pamoja, nao husema ni sindano. Asinywe pombe kwa kujitia moyo. Wakikaa kwenye benchi na mzee mmoja akaanza kusimulia habari za meno yaliyovunjika, wahame benchi! Akiingia, aseme neno hili kabla hajaketi: “Bwana mganga, mimi naogopa.” Halina aibu. Mganga aliyeambiwa hivyo huenda polepole na kueleza kila afanyalo. Kisha wapatane ishara: nikiinua mkono wa kushoto, simama. Huenda asiinue mkono hata mara moja, lakini kujua kwamba aweza kusimamisha kazi humtuliza moyo. Avute pumzi kwa pua polepole, na kuitoa polepole zaidi. Tena aseme kama ana shinikizo la damu, au kisukari, au dawa yoyote anywayo kila siku. Mganga hawezi kubahatisha hayo.

Ninyi wenye watoto, mna neno lenu. Mtoto akikataa kulala twasema, “Nitakupeleka kwa daktari akuchome sindano.” Miaka kumi baadaye twashangaa kijana haendi hospitali. Ni sisi tuliomfundisha. Mwaka 1959 mganga mmoja Mmarekani, Addelston, aliandika njia ambayo waganga wa meno wa watoto waifuata mpaka leo: mwambie mtoto litakalofanyika, mwonyeshe chombo, kisha ulifanye lile lile ulilosema. Twaweza kuifuata nyumbani kwa kijiko na kioo. Na safari ya kwanza ya mtoto kwa mganga wa meno iwe siku ambayo hana jino linalouma, aketi kitini, ahesabiwe meno, arudi nyumbani.

Na mumeo akiisha kung'olewa, aume kitambaa safi alichopewa kwa nusu saa bila kukitoa toa kutazama. Siku ya kwanza asisukutue wala asiteme kwa nguvu, maana lile bonge la damu ndilo kifuniko cha kidonda. Uji anywe ukiwa umepoa. Siku ya pili aanze kusukutua polepole kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi. Tumbaku na pombe aziache siku kadhaa. Maumivu yakizidi siku ya tatu badala ya kupungua, arudi kwa mganga yule yule. Huenda bonge limetoka na shimo limebaki wazi, nalo lina dawa yake.