Picha Isiyoonyesha Watu

Wanafunzi wapenzi, katika vitabu vya historia mtaikuta picha ya bandari ya Pearl Harbor, Hawaii, iliyopigwa Jumapili asubuhi, tarehe 7 Desemba 1941. Ilipigwa kutoka kwenye ndege ya Wajapani waliokuja kushambulia ghafla. Manowari za Marekani zimejipanga kando ya kisiwa cha Ford, na maji yameruka juu pale topido ilipoipiga West Virginia.

Kwa kuwa imepigwa kutoka juu, meli zinaonekana kama vitu vya kuchezea, na haionekani sura hata moja ya binadamu. Tusidanganyike. Siku ile walikufa Wamarekani 2,403, miongoni mwao raia 68. Katika manowari moja tu, Arizona, walikufa 1,177.

Sisi walimu tunawasikia baadhi yenu mkishangilia picha za vita kama mnaotazama mpira. Rai yetu ni hii: mkiona picha ya vita, ulizeni kwanza aliyeipiga alikuwa upande gani, na ni akina nani wasioonekana. Kila mmoja wao alikuwa na watu wake nyumbani.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyoyo zenye huruma. Amin.